Kamera ya Baba Kija

Mama Kija, jirani yangu hapa Bariadi, hana hata picha moja ya marehemu mumewe. Harusi zote za mtaa huu marehemu ndiye aliyezipiga picha kwa kamera ya filamu, na hakuna aliyekumbuka kumpiga picha yeye. Usiku alikuwa kazini kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na humo ndimo alimofia.

Tuliposikia kiwanda kitabomolewa, mama Kija aliitoa ile kamera kabatini.

"Si upige na simu, tena mchana?" nilimwambia.

"Mwenzangu alikuwa wa zamu ya usiku, mama Goodness. Nakitaka kama alivyokuwa anakiona."

Alikwenda peke yake. Aliisimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu, ikiutazama mlango mkubwa wa kiwanda, akaacha lenzi wazi kwa muda mrefu kwa sababu ya giza. Mashine zilishauzwa kama chuma chakavu, lakini alisikia mle ndani kishindo cha mashine ya kushindilia marobota ya pamba.

"Baba Kija?" aliita.

Kishindo kikakoma. Akalia pale pale, nyuma ya kamera. Ndipo kutoka gizani mle ndani ukasikika mlio mdogo kama wa kamera, kacha.

Filamu ilisafishwa Mwanza, ikarudi na picha moja. Tuliitazama jikoni kwangu, na mumewe tulimtafuta kila kona. Hayumo. Aliyemo ni mama Kija mwenyewe, analia, kamera iko mbele yake kwenye miguu mitatu, naye amepigwa picha kutokea ndani ya ule mlango.