Sahihi ya Hajara

Hajara alinisimulia haya kwa kinywa chake, wiki aliyotoka gerezani Luzira, mwaka wa sabini na tano. Nilikuwa nimempikia uji wa mtama. Hakuugusa mpaka alipomaliza kusema. Nami nawapa kama nilivyopewa, kwa maana hasira ya siku ile haijanitoka kifuani.

Hajara alikuwa mwanamke mtulivu. Kila asubuhi alifungua zahanati ya daktari mmoja Mhindi karibu na Nakivubo, akachemsha sindano, akafuta mabenchi, akawaita wagonjwa kwa majina. Wanawake walitafuna karanga na kutaniana.

"Hajara, daktari wako leo ameamka vizuri?"

"Vizuri kuliko wewe. Okota maganda yako!"

Miaka kumi na mmoja alifanya hivyo. Alijua kufunga vidonda na kubembeleza watoto. Ukunga hakuusomea, wala hakudai kuujua.

Ikaja amri ya serikali kwamba Wahindi watoke nchini. Daktari aliondoka na sanduku moja. Kamati ya wanajeshi ikaja kugawa maduka, na zahanati akapewa Nasser, mwuza ngozi za mbuzi, kwa kuwa alikuwa akinywa chai na meja fulani. Watu wa namna yake, walionona ghafla kwa mali ya bure, tuliwaita mafuta mingi.

Leseni ya daktari ilikuwa bado ukutani, ndani ya kioo. Nasser aliigonga kwa kidole. "Kibali hiki hapa. Barua yangu inasema nimepewa nyumba na vilivyomo. Na hiki kimo."

Cheka kwanza, msomaji, kisha ulie. Mji ulijaa watu walioamini kwamba ukikalia kiti cha daktari, umepata na udaktari.

Tarcisio, karani wa wakili mmoja, alikuwapo akifungwa kidonda cha mguu. "Mzee Nasser," akasema, "barua yako ni ya milango na vitanda. Kibali cha kutibu ni cha mtu, si cha ukuta. Mwenyewe akiondoka, kimeondoka naye. Tafuta daktari aliyeandikishwa, kisha njoo Jumatatu kwa wakili wangu akuonyeshe njia."

Nasser akaangua kicheko. "Wewe, mguu wenyewe unakuoza! Huyo wakili wako ana bunduki ngapi?"

"Hana hata moja."

"Basi abaki na vitabu vyake. Mimi nina meja."

Hata hivyo, aliposikia wakaguzi wa afya wanapita mtaani, alitafuta haraka mtu wa kuwaonyesha. Akamletea Hajara gauni jeupe la muuguzi na mkanda mwekundu, na karatasi ya Kiingereza. "Sista Hajara! Tia sahihi hapa. Ni ya kazi tu."

Nasser alikuwa jirani wa kwao Hajara. Alilibeba jeneza la baba yake Hajara. Kwetu, kumwuliza mtu kama huyo karatasi yake inasema nini ni kumtukana. Hajara akatia sahihi.

Tarcisio aliiona mezani, akaisoma, akaiweka chini polepole. "Dada, umeisoma hii?"

"Bwana Nasser alinieleza."

"Imeandikwa wewe ni mkunga aliyeandikishwa, na kila mgonjwa wa nyumba hii yuko mikononi mwako. Twende kwa wakili leo hii uifute."

"Baada ya Idi, kaka. Nitamtazamaje usoni?"

Idi haikumkuta nje; ilimkuta kifungoni.

Joska, mke wa polisi wa Naguru, aliletwa asubuhi moja na uchungu mkali wa kuzaa. Hajara akamwambia Nasser, "Huyu apelekwe hospitali kubwa." Nasser akamjibu, "Wewe ndiye sista hapa. Fungua kabati." Mtoto alitoka salama, akalia. Lakini kondo la nyuma likagoma, na damu ikaanza kumwagika. Nasser akamkabidhi chupa mbili za dawa kutoka kabatini, na Hajara akamdunga Joska sindano mbili.

"Mama," Joska akanong'ona, "mimi nasikia baridi. Wewe iko sista kweli?"

Hajara akamfunika kwa shuka. Akamgeukia Nasser. "Lete gari!"

"Mkifika huko wataulizia kibali. Subiri, damu itakata."

Alisema hivyo, huku damu ikimfikia viatuni! Hajara akamsukuma, akatia zile chupa mfukoni, akakimbia hadi soko la jirani, gauni lake jeupe limekuwa jekundu kwa damu. Wachuuzi wakashusha mikungu ya matoke kutoka kwenye pikapu, wakambeba Joska na mtoto.

Hospitali, daktari akauliza kwa haraka, "Mkunga wake nani? Amepewa dawa gani?"

Mlango ulikuwa wazi nyuma ya Hajara. Angeweza kutoka. Lakini Joska alikuwa amekwisha kuwa mweupe midomoni. "Ni mimi," Hajara akasema. "Na mimi si mkunga. Nimemdunga sindano mbili. Chupa zake ni hizi."

Daktari akazisoma, akabadili alichokusudia kumpa. Joska aliokoka. Kizazi chake hakikuokoka.

Odur, mume wa Joska, alikwenda zahanati moja kwa moja. "Nani alishika bibi yangu?" Nasser akatoa karatasi kabla hajaulizwa mara ya pili. "Afande, mimi ni mwenye nyumba tu. Msimamizi ni Hajara. Sahihi yake hiyo."

Odur na polisi wenzake wakamfuata Hajara kule kule hospitalini. Joska akainua kichwa. "Odur, huyo ndiye alinileta. Usimpige."

"Sitampiga. Lakini karatasi iko na jina yake. Mimi nifanye nini?" Akamfunga pingu, akampeleka kituoni.

Kesho yake Nasser alikula pilau kwa meja, akajinyoosha kwenye kochi, akakoroma. Joska alilala kwa nguvu ya dawa, mtoto ubavuni. Odur akasinzia kwenye kiti. Na Hajara, ambaye hakuwa amefumba jicho tangu akamatwe, aliketi kwenye sementi ya seli mchana ule, akavuta gauni likafunika magoti, akalala.

FUNZO

Enyi mnaofungua nyumba za tiba na za kulea wazee na yatima: mwendeeni mjua sheria kabla hamjafungua mlango, si baada ya damu kumwagika. Kupewa jengo si kupewa ruhusa ya kugusa mwili wa mtu. Anayejifunika kwa bunduki ya rafiki na kumsukuma mfanyakazi mbele ndiye mwenye hatia ya damu, hata kama hakushika sindano.

Nawe mfanyakazi, usitie sahihi karatasi uliyoelezwa tu na mwenye kufaidika nayo. Aone haya yeye aliyeileta, si wewe unayeuliza.