Vipimo vya Wauguzi Arobaini na Wanane

Mtaa mzima ulimwita Mama Sare. Kama mtoto wako anavaa sare ya shule, ujue imepita mikononi mwake. Chumba cha mbele cha nyumba yake kilikuwa na vyerehani viwili, meza ndefu ya kukatia, na kompyuta moja ya zamani aliyoinunua kwa mtu.

Kompyuta hiyo aliipenda kupita kiasi. Aliishonea koti la kitambaa kizito, lenye marinda pembeni, ili vumbi la nyuzi lisiingie. Koti lilibana sawasawa. Liliacha nafasi ya nyaya tu na kitufe cha kuwashia.

Kila asubuhi aliiwasha, kisha akaenda kufagia uwanja na kuchemsha chai. Akirudi, kompyuta bado inajizungusha, na mchana haikukosa kuzimika ghafla, akaiwasha tena.

"Mke wangu," mumewe alimtania, "lori langu ni zee kuliko hiyo kompyuta, na bado linawaka mara moja." Mumewe alikuwa dereva wa lori la mchanga.

"Lori lako linakumbuka vipimo vya watu mia tatu?"

"Halikumbuki hata breki!"

Wakacheka. Lakini neno la Mama Sare lilikuwa kweli. Vipimo vya wateja wote vilikuwa ndani ya kompyuta ile. Zamani aliviandika kwenye daftari. Mwaka uliopita alikaa wiki nzima akavihamisha vyote. Kisha daftari akalikatakata, akafanya karatasi zake kuwa vielelezo vya kukatia kola. Siku hiyo alijiona mjanja kweli kweli. Haya, ngojeni.

Chuo cha uuguzi kilimpa kazi kubwa. Wanafunzi arobaini na wanane walikuwa wanamaliza masomo. Kila mmoja alitaka sare mpya ya kuvaa siku ya mahafali. Mama Sare aliwapima mmoja mmoja, akaandika kwenye kompyuta. Baadaye wanafunzi wakatawanyika kwenda kufanya mazoezi katika zahanati za mbali. Wangerudi siku moja tu kabla ya mahafali.

Zilipobaki siku kumi, kitambaa kilifika. Mama Sare akanoa mkasi, akawasha kompyuta. Skrini ikawa nyeusi. Ukatokea mstari mmoja wa maandishi meupe, basi. Akaizima, akaiwasha tena. Mstari ule ule.

Bila vipimo angekata nini? Na wale wanafunzi angewapimia wapi, mmoja kaskazini, mwingine kusini?

Mumewe alimleta fundi wa simu wa pale kona. Fundi aliitazama kompyuta kwa muda mfupi tu.

"Mama, dawa yake ni moja. Nafuta kila kitu, naweka mfumo mpya. Kesho asubuhi unaichukua."

"Na vipimo vyangu?"

Fundi alikuna kichwa. "Hivyo ndiyo basi tena."

Mama Sare alikaa kwenye kiti cha cherehani, akashika tama. Maji yalikuwa yamemfika shingoni. Alikaribia kusema, "Haya, futa," kwa sababu hakuona njia nyingine.

Hapo ndipo mlango ulipogongwa. Alikuwa jirani yao wa nyumba ya tatu, amekuja kuchukua sketi yake iliyobadilishwa zipu. Alifanya kazi katika maktaba, na kila mtu alimwita Mama Maktaba.

"Hodi! Jamani, kuna msiba?"

"Kuna msiba wa kompyuta," mume alijibu.

Walimweleza yote. Mama Maktaba aliweka mkoba chini.

"Msifute kitu. Fundi, samahani baba, usiiguse kwanza. Kompyuta ina diski, ambayo ndiyo kabati la vitu vyako. Halafu ina mfumo wa uendeshaji. Huo ndio unaoiamsha kompyuta na kuiambia ifanye nini. Inawezekana kilichoharibika ni mfumo, na kabati ni zima."

"Kabati zima, lakini mlango haufunguki," alisema Mama Sare.

"Umesema vizuri. Basi tutaingilia mlango mwingine. Kule maktaba tuna kompyuta kumi na mbili, zote vikongwe, tumepewa tu. Zinatumia Linux. Ni mfumo huria."

"Huria ndiyo nini?"

"Ni hivi. Ukinipa gauni, nitalivaa. Ukinipa gauni pamoja na vielelezo vyake vya kukatia, ukaniruhusu kulirekebisha na kumgawia jirani, hilo ni gauni huria. Mfumo huu uko hivyo. Watu wengi duniani huushona pamoja, na kila mtu anaruhusiwa kuutumia. Nitaupakua kutoka kwenye tovuti ya wenyewe, si kwa mtu wa njiani. Nahitaji flashi tu."

Mama Sare akachomoa flashi yake kwenye mtoto wa meza. "Chukua hii."

"Ina nini ndani?"

"Picha za marehemu mama yangu."

"Rudisha haraka! Flashi ya kuwekea mfumo hufutwa yote kwanza. Nitatumia yangu iliyo tupu."

Mama Sare aliifumbata flashi ile mkononi. Akairudisha kwenye mtoto wa meza.

Alasiri Mama Maktaba alirudi na flashi tayari. Akaichomeka, akawasha kompyuta, na papo hapo akabonyeza kitufe kimoja cha safu ya juu ya kibodi, mara kadhaa.

"Kila kompyuta ina kitufe chake cha kuchagua iamkie wapi," alieleza. "Nyingi hukiandika kwenye skrini ukiiwasha tu. Tunaiambia iamkie kwenye flashi, si kwenye diski."

"Kwa hiyo umeshaweka mfumo mpya?" Mama Sare aliuliza kwa hofu.

"Bado. Wewe ukishona suti, unaanza na cherehani moja kwa moja?"

"Aa, siwezi. Napiga bandi kwanza. Nashona kwa uzi wa muda, mteja ajaribu, halafu ndiyo nashona kabisa."

"Basi na hapa tunapiga bandi. Mfumo unatembea kutoka kwenye flashi. Diski yako haijaguswa. Tukiona kipanya, kibodi na sauti vinafanya kazi, ndipo tutashona."

Skrini iliwaka rangi ya buluu. Mama Maktaba alifungua diski. Folda zikajipanga. Mama Sare aliinama mpaka pua ikakaribia kioo.

"Hiyo hapo! Fungua hiyo!"

Faili likafunguka. Bega, kifua, kiuno, urefu. Mstari baada ya mstari, wanafunzi arobaini na wanane.

Machozi yalimtoka Mama Sare, akayafuta kwa ncha ya kanga. "Vipo," alisema. "Mume wangu, vipo vyote." Mumewe alishusha pumzi ndefu, akasema hata yeye alikuwa na hofu tangu asubuhi, ila aliona aibu kusema.

"Sasa weka huo mfumo wako tumalize," Mama Sare alihimiza.

"Haraka ya nini, jirani? Kwanza nakala. Akiba haiozi."

Walinakili vipimo vyote kwenye flashi mpya. Kisha Mama Maktaba akaenda nayo kazini pamoja na Mama Sare, akaifungua huko ili kuhakikisha mafaili yanasomeka, na akaacha nakala nyingine kwenye kompyuta ya maktaba. Vile vya wauguzi alivichapisha kwenye karatasi. Kesho yake asubuhi Mama Sare alianza kukata kitambaa.

Jioni walirudi kwenye kompyuta. "Leo unabonyeza wewe," alisema Mama Maktaba. "Mimi nitakaa hapa nile karanga."

Kazi ilikuwa rahisi kuliko alivyodhani. Kompyuta iliuliza lugha. Ikauliza aina ya kibodi, saa za mahali, jina lake na neno la siri. Mama Sare alijibu moja moja. Kisha likaja swali la kutoa kijasho: Je, diski yote ifutwe?

Alimgeukia jirani yake.

"Nakala ziko wapi?" Mama Maktaba aliuliza, bila hata kuinuka.

"Moja ndani ya flashi. Moja maktaba."

"Umezifungua ukaziona?"

"Nimeziona kwa macho yangu."

"Basi kata."

Mama Sare alipiga moyo konde, akabonyeza. Baada ya nusu saa kompyuta ikaomba flashi ichomolewe, ikajizima, ikajiwasha. Safari hii hakupata nafasi hata ya kushika ufagio. Iliamka kabla hajafika mlangoni.

"Lo! Lori langu limepata mpinzani," alisema mumewe.

Lakini furaha haikukaa. Walipokuwa wanarudisha vipimo ndani, kompyuta ilizimika pu! Mama Sare alishika kichwa. Mama Maktaba akaiwasha tena, akafungua orodha ya programu zinazoanza zenyewe kompyuta inapoamka.

"Huyu huhitaji. Huyu pia. Hawa ni wageni wasioalikwa, wanakula nguvu bure. Kuzizima si kuzifuta. Ukizihitaji utaziita." Kisha akachagua mwonekano mwepesi, usio na mapambo mengi, na akaruhusu masasisho, yaani marekebisho ya usalama, yawe yanaingia kila wiki. "Na ukisoma mahali mtu amekuambia uandike amri usiyoielewa, usiiandike. Uliza kwanza. Wako watu kwenye mtandao wanaojibu vizuri tu. Kuuliza si ujinga."

Baada ya dakika kumi, pu! Ikazimika tena.

Mama Maktaba aliweka kiganja juu ya koti lenye marinda. Akakiondoa upesi.

"Mama yangu! Hii ni pasi au kompyuta?"

"Nimeivika isiingie vumbi," alisema Mama Sare kwa sauti ndogo. "Vyerehani vyangu vyote navivika."

"Cherehani unakivika ukimaliza kazi. Hii umeivika inafanya kazi! Ina feni ndani, inahitaji kupumua. Ikipata joto sana hujizima ili isiungue. Na nadhani kule kuzimika ghafla kila siku ndiko kulikouharibu ule mfumo wa kwanza."

Mume alicheka mpaka akashika ukuta. "Mke wangu umemvalisha mgonjwa wa homa koti la baridi!"

Walichomoa waya wa umeme, wakavua koti, wakafungua kifuniko. Ndani feni ilikuwa imevaa nyuzi za rangi zote za sare za mtaa. Walizitoa kwa brashi laini. Kompyuta ikawashwa bila koti. Nusu saa ikapita, saa nzima ikapita, haikuzimika. Tangu siku hiyo, kila Ijumaa Mama Sare alinakili vipimo vyake vipya, na flashi moja akaiacha kwa Mama Maktaba.

Wanafunzi walirudi siku moja kabla ya mahafali, kama walivyopanga. Mama Sare alisimama kwenye ukumbi wa chuo na pini mdomoni, tayari kurekebisha. Wa kwanza akavaa, sawa. Wa kumi, sawa. Wawili tu walikuwa wamenenepa huko walikokwenda, na hilo halikuwa kosa la kompyuta. Wote arobaini na wanane walipojipanga weupe pe, Mama Sare alitoa pini mdomoni, akacheka peke yake.

Matroni wa chuo alimsogelea. "Nilisikia kompyuta yako imekufa. Niliogopa hata kukupigia simu. Ofisini kwetu zipo sita, zinasuasua vibaya. Nani alikutengenezea?"

Mama Sare alifungua mdomo amtaje jirani yake. Akakumbuka ni nani aliyebonyeza.

"Jirani yangu alinifundisha," alisema. "Niliyeweka mfumo ni mimi. Jumatatu nitakuja kuanza na moja. Ila kwanza nakilini vitu vyenu, na mnionyeshe hizo nakala zinafunguka. La sivyo, mama, sigusi."