Ulisema Uko Safi

"Kwa hiyo hii ni supu ya vitunguu tu?" Ng'washi aliuliza, akichokonoa jibini lililofunika bakuli.

"Vitunguu vya Kifaransa," Odoyo akajibu. "Kula, mpenzi. Leo sisi ni wageni wa heshima."

Ng'washi akacheka. Ilikuwa Jumapili mchana, wametoka kanisani. Ile brasserie, mgahawa mpya wa Kifaransa pale ufukweni, ilikuwa na wiki mbili tu tangu ifunguliwe, na Mwanza nzima ilikuwa ikiizungumzia: vitambaa vyeupe mezani, menyu yenye majina yanayovunja ulimi, kokteli za kila rangi. Odoyo, mkaguzi wa ubora katika kiwanda cha minofu ya samaki, alikuwa ameweka nafasi mapema. Zilibaki wiki tatu wafunge ndoa. Kadi zilishasambazwa, kuanzia Butimba alikofundisha Ng'washi hadi Rorya kwa wazazi wa Odoyo.

Mhudumu, kijana mchangamfu aitwaye Obedi, akaweka mezani glasi mbili ndefu zenye majani ya mnanaa.

"Yangu atakunywa huyu," Ng'washi akamwambia. "Mimi niletee juisi ya pasheni."

"Unakataa kokteli?" Odoyo akashangaa. "Si wewe uliyeniimbia kokteli wiki nzima?"

"Nina sababu." Akamshika mkono. "Nina mimba, Odoyo. Wiki ya tisa."

Odoyo aliruka kwenye kiti, akapiga ukelele uliowageuza watu wa meza tatu.

"Mimi, baba? Mungu wangu, mimi, baba!"

"Kaa chini bwana, watu wanatuangalia!" Ng'washi alikuwa anacheka huku machozi yanamtoka. "Na kuna jingine, ila si baya. Kliniki walinipima damu. Kumbe nabeba vinasaba vya selimundu."

Tabasamu la Odoyo likakatika.

"Usiogope. Mwenyewe nililia siku nzima, nikamkumbuka Paulo."

Paulo alikuwa mdogo wake. Ugonjwa huo wa damu ulimchukua akiwa na miaka kumi na minne, baada ya maisha ya kulazwa na kutoka, akilia kwamba mifupa inavunjika. Ng'washi ndiye aliyekuwa akimkanda miguu.

"Ila nesi amenielewesha," akaendelea. "Mtoto anaugua akirithi kwa wote wawili, baba na mama. Na wewe ulipima mwaka jana, uko safi. Kwa hiyo mwanetu hawezi kuugua. Nikamwambia nesi, Mungu alijua kwa nini alinipa huyu Mjaluo."

Odoyo aliinua kokteli yake, akaimaliza. Akavuta na ile ya pili.

"Odoyo?"

"Supu ya moto sana."

"Hujaigusa. Nitazame. Ulipima kweli?"

"Nilipima."

"Majibu yalisemaje?"

"Ng'washi, nilitaka kukwambia..."

"Yalisemaje?"

"Kama yako."

Obedi akatokea na sahani mbili. "Sangara wa siagi, mapishi ya Paris. Karibuni sana!" Akaona nyuso zao. Akaziweka taratibu, akaondoka kimyakimya.

"Nilikuuliza," Ng'washi alisema. "Tulikuwa stendi ya Nyegezi. Nikakwambia, kama unabeba niambie, tuachane tukiwa bado tunapendana. Ukasema uko safi."

"Ndiyo maana sikusema! Ningekupoteza."

"Ukaona bora aumie mwanangu."

"Si lazima augue. Nimesoma, ni mmoja kati ya wanne. Mmoja tu!"

"Kwetu tulizaliwa wanne, Odoyo. Paulo ndiye alikuwa huyo mmoja."

Odoyo akafunika uso kwa viganja.

"Kazini kwako samaki mwenye kasoro unamrudisha," Ng'washi akasema, "watu wa Ulaya wasije wakaumwa tumbo. Mimi sikustahili hata kuambiwa?"

"Nilikupenda. Bado nakupenda."

"Najua. Hilo ndilo linaloniua. Ungekuwa hunipendi ningejua cha kufanya."

Akatoka nje na simu yake, akapiga Sengerema kwa mama yake, Wilhelmina.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona sauti hiyo?"

"Waambie watu wa kamati waache. Hakuna harusi."

"Amekupiga?"

"Hapana."

"Ana mwanamke?"

"Hapana, mama. Anabeba selimundu, nami nimepima, nabeba. Alijua, akanificha. Na nina mimba."

Ng'washi alisikia simu ikianguka, kisha kilio cha mama yake. Kama hicho alikuwa amekisikia mara moja tu maishani, siku walipomzika Paulo.

Jioni ile ile Odoyo akatuma ujumbe: "Nisamehe. Nitasimama mlangoni kwako mpaka unijibu." Alisimama kweli, siku tatu. Ng'washi hakufungua. Wazee wake wakaja kutoka Rorya, wakapokewa kwa heshima, wakanyweshwa chai, wakarudi walivyokuja.

Mtoto alizaliwa wa kike, akaitwa Selina. Alipofikisha miezi mitatu, Ng'washi alikwenda hospitali kuchukua majibu ya kipimo cha mtoto. Odoyo alikuwa tayari ameshafika, amekaa mwisho wa benchi, kakonda.

Nesi aliwaita ndani wote wawili. Hakuzunguka.

"Mama Selina, baba, mtoto ana selimundu. Siku hizi kuna dawa. Mkihudhuria kliniki kila mwezi, wengi wanakua, wanasoma, wanazeeka."

Ng'washi aliitikia kwa kichwa kama mtu anayesikia habari za jirani. Walipotoka, Odoyo hakulifikia benchi. Alikaa sakafuni pale korido, suruali nzuri na yote.

"Nitukane," akasema. "Nipige. Sema chochote, Ng'washi."

"Mshike mtoto. Nikachukue dawa."

Akampokea kwa mikono miwili. Selina alimtazama, akapiga miayo, akalala.

"Utanisamehe lini?"

"Nilishakusamehe," Ng'washi alisema. "Kukuamini ndiko kumenishinda."

Akaenda kupanga foleni dirishani.

Tangu hapo hukutana kliniki kila mwezi. Mmoja hubeba mtoto, mwingine hubeba dawa. Akina mama kwenye benchi huwadhania mke na mume, husogea ili wakae pamoja. Nao hukaa, na hakuna kati yao aliyewahi kuwasahihisha.