Vipande Vilivyofutwa

Tik. Sufuria ya umeme ilijizima gizani, na Mi-ok akajua wali umeiva.

Saa 11:10 alfajiri. Chumba cha nyuma, duka la tofu ya soya, mji wa bandari wa Incheon. Mumewe, Do-sik, alikuwa uchochoroni akipakia gari. Binti yao amelala. Maeng, mkuu wa genge, ameinamia kompyuta.

Mi-ok alikuwa fundi wa hesabu za majengo. Ukuta wa ghala la dhahabu ameujenga humo kompyutani, akaulipua mara mia. Picha ikacheza: moto, vumbi, kisha tundu safi kama limekatwa kwa kisu.

"Do-sik atasimama hatua kumi kutoka ukutani," Maeng alisema. "Polisi watafika ndani ya dakika tatu, lazima aingie upesi."

Mi-ok akamweleza polepole. Kipande kikipondeka mno, kompyuta hukifuta ili hesabu isikwame. Ndiyo maana tundu ni safi. Ukuta wa kweli haufuti kitu. Asimame hatua themanini, tena nyuma ya kontena.

"Shemeji, hesabu zako. Mpango wangu."

"Basi mwambie Do-sik ukweli."

"Nitamwambia."

Saa 11:35. Wakaondoka. Maeng alibeba simu zote, hata ya Mi-ok, desturi ya kazi. Alimwachia Mi-ok redio ya kusikiliza tu. Mi-ok akapakua wali, akaufunika, akalilaza bakuli la mumewe chini ya blanketi, juu ya sakafu yenye joto. Aukute ungali moto. Atarudi.

Saa 12:04 asubuhi, bado giza. Redio ikakoroma.

"Kaka mkubwa, si karibu sana hapa?" Sauti ya Do-sik.

"Picha umeiona. Kuna kokoto lililoruka?" Maeng akajibu.

"Hakuna, kaka."

Basi. Katika genge, mdogo hamuulizi mkubwa mara mbili. Miaka kumi Do-sik hajawahi.

Mi-ok alipiga kelele kwenye redio isiyo na mdomo. Akabonyeza kila kitufe. Akatoka mbio, miguu mitupu juu ya barafu, akasimama. Bandarini, kwenye ghala, ni nusu saa kwa miguu. Akarudi ndani.

Saa 12:07. Kishindo kilivuma redioni kwanza, kisha kikatikisa dirisha. Mawe yakaanguka, yakaanguka, hayaishi. Halafu Maeng, akihema:

"Dhahabu ndani ya gari. Huyo mwacheni."

Redio ikazimwa.

Binti yao Ha-rin, miaka minne, alikuwa ameamka. Amesimama na soksi tu miguuni mbele ya kompyuta, ambako picha ilijirudia yenyewe: moto, vumbi, tundu safi.

"Mama, mawe yote yamepotea."