Wadudu Mafuta Hawana Mafuta

Mwanamisi alilima kabichi bondeni, chini ya msitu wa Magamba. Shamba halikuwa lake. Mama mkwe wake, Bi Hawa, alimpa msimu mmoja tu wa kujaribu.

"Zikifunga vizuri, shamba ni lako," alimwambia. "Zikiharibika, narudisha maharage yangu."

Asubuhi moja Mwanamisi alikuta majani yamejikunja. Yananata. Chini yake wamejaa wadudu wadogo wa kijivu, wale watu wanaowaita wadudu mafuta.

Bi Hawa alicheka. "Mwenzetu, kabichi zako zimeshatiwa mafuta. Bado chumvi!"

Mwanamisi hakucheka. Alikuwa ameongeza mbolea ya urea mara mbili ili kabichi zipate nguvu. Waliopata nguvu ni wadudu. Akamwita Yusta, bibi shamba wa kata.

"Shikamoo, mama," Yusta alimwamkia Bi Hawa.

"Marahaba. Njoo uone mafuta."

"Mmepiga sumu hapa?"

"Bado," alijibu Mwanamisi.

"Basi gusa jani, uonje."

Mwanamisi akalamba kidole. "He! Sukari!"

"Ndiyo. Mdudu huyu hunywa maji ya mmea. Yana sukari nyingi, lakini vya kujengea mwili ni vichache. Basi anakunywa tu, na sukari inayozidi anaimwaga."

"Atakuaje?" Bi Hawa aliuliza. "Mtoto wa maji ya sukari hakui."

"Ana wapishi ndani ya mwili, mama. Ni bakteria, hawaonekani kwa macho. Protini hujengwa kwa vipande vidogo sana, kama ukuta wa matofali. Vingine mdudu hawezi kuvitengeneza. Bakteria wanaweza. Yeye huwapa nyumba, sukari na naitrojeni, hata ile ya taka za mwili wake. Wao humrudishia vipande. Kuna vipande bakteria huvianza, halafu mdudu anamalizia."

"Kama makande ya kwetu," alisema Bi Hawa. "Mimi nakoboa mahindi, huyu anapika."

"Hasa! Na mama mdudu humrithisha mwanawe wapishi hao kabla hajamzaa."

"Na urea yangu?" Mwanamisi aliuliza polepole.

"Urea ina naitrojeni nyingi. Ukizidisha, maji ya mmea yananona. Umewapelekea unga jikoni."

"Kumbe nimewalisha mwenyewe!"

"Sasa acha urea. Majani yaliyojaa wadudu yang'oe, uyafukie. Tia vijiko viwili vya chakula vya sabuni ya maji kwenye lita mbili za maji. Jaribu kabichi moja kwanza. Isipoungua, nyunyizia zote jioni, chini ya majani. Rudia kila baada ya siku nne. Na yule mdudu mwekundu mwenye madoa meusi usimuue. Anawala hawa."

Mwanamisi alifanya hivyo, bila kuruka zamu. Majani mapya yakatoka safi. Kabichi zikafunga, ngumu kama mawe.

Siku ya kuvuna Bi Hawa alishuka bondeni na jembe begani. Bi Hawa aliminya kabichi moja, akaminya ya pili. Akamkabidhi Mwanamisi jembe.

"Shika, ni lako na shamba lako," alisema, akajikatia kabichi kubwa. "Hii mafuta nitatia mwenyewe."