Waya wa Ghorofani

Walikutana Jumamosi kwenye duka la vifaa vya umeme, watu wamebanana kaunta. Mwanamume, mwalimu wa hesabu anayefundisha kwa intaneti, shati limenyooshwa kwa pasi, alikuwa anachagua kifaa cha kuongeza mawimbi kwenye chumba chake cha ghorofani. Dada aliyekuwa pembeni yake, ovaroli ya kijivu na hereni ndogo za fedha, akamwambia kitamsumbua bure. Zege la sakafu linameza mawimbi. Bora avute waya kutoka kwenye ruta ya chini, kisha afunge ruta ya pili juu. Alikuwa fundi mitandao. Mwalimu akaomba namba, na mwezi haukuisha kabla simu zao hazijaacha kabisa kuwa za mtandao.

"Fundi wangu, umekula?"

"Nimekula. Na wewe acha kunipigia wakati wanafunzi wanakusubiri."

Miezi mitatu baadaye fundi akaenda kwa mwalimu kuufunga ule waya. Mama yake mwalimu, mwenye nyumba ile, alirudi mapema, akamkuta mwanamke anatoboa ukuta wa sebule yake, akauliza ni nani. Mwalimu akadakia.

"Fundi tu, mama."

Fundi alisikia. Akaizima drili, akaitia kwenye mkoba, waya akauacha unaning'inia. Mwalimu alimfuata hadi getini akijitetea kwamba mama ana presha, angemwambia taratibu.

"Taratibu mpaka lini? Mimi si kitu cha kufichwa uvunguni."

Wiki mbili fundi hakupokea simu zake. Kazini alikuwa akigongelea misumari kwa hasira, wenzake wanasogea mbali.

Siku moja, akiwa juu ya ngazi kwenye ofisi ya mteja, alimwona mwalimu chini, na mama yake nyuma.

"Umemleta mama akusemee?"

"Hapana. Nimemleta asikie. Mama, huyu ndiye ninayetaka kumuoa. Nilimkana mbele yako kwa woga."

"Na mimi nina hasira kuliko wewe, mwanangu," mama akamwambia fundi. "Sikujua nimezaa mwoga."

Fundi hakucheka. Alisema waya atakuja kuumalizia Jumamosi kwa sababu kazi haiachwi nusu. Mengine wataongea akipoa. Mwalimu akauliza atapoa lini; fundi akarudi kwenye kazi yake.

Lakini jioni simu ya mwalimu ilipoita, fundi aliipokea, akamwacha aseme.