Mabawa Mawili ya Kushoto

"Nani kagusa ramani yangu?"

Mkewe alikuwa jikoni anakosha sufuria. Aligeuka polepole, maana sauti ile ilikuwa imeshakuwa ngeni masikioni mwake. Mumewe, fundi majokofu ambaye mtaa mzima ulimwita Barafu, alisimama mlangoni akiwa ameshika bawa la mbao nyeupe, jepesi kiasi kwamba upepo wa feni ungeweza kumpokonya.

"Mimi," akajibu.

"Na hili bawa?"

"Nimelitengeneza mimi."

Barafu alilitazama bawa, akamtazama mkewe. Maswali hayo mawili yalizidi maneno yote aliyomwambia wiki nzima. Ndiyo maisha waliyokuwa wakiishi.

Bawa hilo lilikuwa la ndege ya mfano, iliyokuja ndani ya boksi, vipande vitupu, ya kuunganishwa kwa mkono na kurushwa kwa rimoti. Ilikuwa ya injini mbili, kila bawa na yake. Aliyeiagiza ni mdogo wake Barafu, kijana wa vichekesho ambaye akicheka, jirani alicheka bila kujua sababu. Homa ikamchukua kabla boksi halijafunguliwa. Tangu siku ya mazishi Barafu akafunga mdomo. Akitoka kazini anaingia chumba cha wageni, anarudisha mlango, anaunganisha. Akamaliza kiwiliwili, akamaliza mkia, akamaliza bawa moja. Hapo akakwama. Ikawa anaingia na kukaa tu, mikono mapajani.

Mkewe alikuwa muuguzi. Wodini watu walimweleza mpaka ndoto zao. Nyumbani alikula peke yake huku runinga ikiwaka, ili sahani isikose wa kuongea naye. Kitandani kati yao palibaki nafasi ya kumlaza mgeni. Waliandikiana kwa simu, yeye sebuleni, mume nyuma ya ukuta.

"Chakula kiko mezani."

"Sawa."

"Dada yako kapiga, anakusalimia."

"Sawa."

Huyo dada ndiye aliyemfungua macho. Muuguzi alimpigia kulalamika, wifi yake akacheka kwanza, kisha akamwambia kwamba kaka yake toka utotoni akiumia huingia uvunguni mwa kitanda. "Ukimsubiri atoke, wifi yangu, utaota mvi. Mfuate huko huko uvunguni."

Basi akamfuata. Siku zake za mapumziko, Barafu akiwa kazini, aliingia kile chumba, akatandaza mezani ile karatasi ya ramani ya ndege, akakata mbavu za bawa moja moja, akazibana kwa pini juu ya mistari, akatia gundi. Mikono iliyozoea kushona vidonda haikuchelewa kuelewa. Bawa lilipokamilika alilipima na lile la mumewe, akaona hakuna tofauti hata ya unywele. Akatabasamu peke yake kama mwehu, akaliacha mezani lionekane.

Alikuwa na sababu ya kuharakisha. Mkuu wa wauguzi alikuwa amempa nafasi katika hospitali ya mji wa mbali, miaka miwili, na jibu lilitakiwa leo. Juzi alimwandikia mumewe: "Wanataka kunihamisha mbali, miaka miwili. Nikikataa watampa mwingine. Nifanyeje?" Alisikia simu ikilia upande wa pili wa ukuta. Alisikia hata kiti kikisogea. Kisha jibu likaingia.

"Sawa."

Neno hilo alilibeba kifuani siku mbili kama mwiba wa samaki.

"Nililipima na lako," akasema sasa, akiiweka sufuria chini. "Yamefanana kama mapacha. Kosa liko wapi?"

"Kosa ndilo hilo. Hayatakiwi kufanana."

Barafu akaenda kulileta la kwanza, akayalaza yote mawili juu ya meza ya jikoni. Akaeleza, kwa sauti ya mtu anayejifunza kuongea upya, kwamba ramani imechorwa bawa la kushoto peke yake. Ukitaka la kulia unaigeuza karatasi, unaipaka mafuta ya kupikia mpaka mistari ionekane kwa nyuma, ndipo unajenga juu ya mgongo wake.

"Umenitengenezea ndara mbili za mguu wa kushoto," akamalizia.

"Ungeniambia, ningejua."

"Ungeniuliza, ningekuambia."

"Nikuulize kwa njia gani? Nikuandikie ujumbe unijibu sawa?"

Barafu akainama. Alipitisha kidole juu ya mbavu za bawa lile, moja baada ya nyingine.

"Hili halikuwa lako kulitengeneza."

"Lilikuwa la nani?"

"La mdogo wangu. Tulikubaliana kila mtu bawa lake na injini yake. Nilipofika hapo nikashindwa. Niliona nikilimaliza mimi, nitakuwa nimemzika mara ya pili."

Muuguzi alijifuta mikono kwenye kanga. Alijifuta muda mrefu kuliko maji yaliyokuwepo.

"Mimi nilikuwa shemeji yake," akasema. "Alikuwa akiingia humu anaanza kufunua masufuria kabla ya kunisalimia. Na mimi nilitaka kumlilia. Lakini wewe ulijifungia na msiba wote ndani, ukaniacha nje kama mpangaji."

Barafu alivuta kiti, akaketi. Mabega yakaanza kutikisika. Mkewe alidhani analia, akapiga hatua kumwendea, ndipo akaona kwamba ni kicheko, kicheko kibovu kinachotoka na machozi yake.

"Angefanya hivi hivi," Barafu akasema. "Angetengeneza la kushoto, halafu angenibishia mpaka jioni kwamba ramani ndiyo imekosea."

"Angekuambia ugeuze ndege yenyewe."

Hapo wakacheka wote. Kicheko kilipokwisha, Barafu akajifuta macho kwa mgongo wa mkono.

"Umewajibu wale wa hospitali?" Barafu akauliza.

"Bado. Wewe ndiye uliyejibu. Ulisema sawa."

"Nilijua unataka kwenda. Nani atake kukaa na jokofu?"

"Majokofu ya watu unayatengeneza."

Barafu aliinuka, akabandika maji jikoni. Mbao za ziada hazikuwepo, akaeleza, kwa hiyo bawa lile lingeshikwa juu ya mvuke mpaka gundi ilainike, libanduliwe, lijengwe upya. Akachukua na chupa ya mafuta, akaelekea chumba cha wageni. Safari hii hakurudisha mlango.

Muuguzi akaingia.

Maji yalipochemka walibandua bawa kwa mvuke, kisha wakaigeuza ramani. Mafuta yalienea kwenye karatasi, mistari ikajitokeza upande wa pili, ya kijivu, kama mishipa chini ya ngozi. Mume akabana pini, mke akashika mbavu wima kwa vidole vya mikono yote miwili, gundi mbichi ikimtiririkia kiganjani. Bado hakujua anajenga ndege atakayoiona ikiruka au anaaga.

Simu ya mke ikalia mezani. Wote wawili wakaona ni mkuu wa wauguzi.

"Siwezi kuachia, zitaanguka," mke akasema. "Pokea wewe."

"Nimwambie nini?"

"Lolote. Ila usiseme sawa."

Barafu alifuta vidole kwenye suruali. Mtu huyu alikuwa akiacha hata simu za wateja zilie mpaka zichoke. Akaipokea.

"Hujambo, mama. Mimi ni mume wake... Yupo, ameshika kitu... Ndiyo, kuhusu uhamisho." Akamtazama mkewe. "Sijui yeye atakujibu nini, mama, hilo ni lake. Lakini mimi sikumwambia, na ilipaswa nimwambie. Sitaki aende. Nilifiwa na mdogo wangu nikamwachia mke wangu nyumba tupu, naye akanifuata humohumo. Akienda sasa, atakuwa ameondoka kabla sijarudi."

Upande wa pili sauti ikauliza jambo.

"Anauliza unasemaje," Barafu akanong'ona, akamsogezea simu sikioni.

"Mpeni mwenzangu hiyo nafasi, mama," muuguzi akasema. "Mimi nina kazi hapa."

Mkuu wa wauguzi alitaka kujua kazi gani hiyo, na Barafu akairudisha simu kwake, akaanza kumweleza. Alieleza habari za ndege, na injini mbili, na mdogo wake aliyekuwa akifunua masufuria ya watu, akaeleza kwa kirefu mpaka yule mama akavuta kiti, wakasikia kikikwaruza sakafu.

Gundi ilikuwa imeshika kitambo. Muuguzi hakuachia, aliendelea kusikiliza.